Hasimu Anayeambiwa na Hasimu Anayesemwa: Uhakiki wa Msamiati wa Ugomvi wa Mtandaoni katika Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna maneno ya Kiswahili yanavyoorodheshwa na kufasiriwa yanapotumika katika ugomvi wa mtandaoni. Matini kuu inayohakikiwa ni orodha ya maneno ya chuki iliyotolewa na Tume ya Kitaifa ya Uwiano na Utangamano ya Kenya mwezi Aprili 2022. Orodha hiyo inasomwa sambamba na hukumu ya kesi ya Akayesu iliyotolewa Arusha mwaka 1998, na pia desturi za Waswahili za kulumbana, kupigana vijembe na kusutana. Inadaiwa kwamba Kiswahili kina msamiati unaotenganisha maneno anayoambiwa hasimu na maneno anayosemwa hasimu akiwa hayupo, na kwamba orodha ya maneno, kwa umbo lake, haiwezi kuiona tofauti hiyo.

Utangulizi

Mwanafunzi wangu mmoja, Mnyarwanda anayejifunza Kiswahili kama lugha ya tatu, aliniuliza darasani: "Mwalimu, hatupangwingwi ni tusi?" Alikuwa amelikuta neno hilo katika mabishano ya Wakenya mtandaoni kabla ya uchaguzi wa tarehe 9 Agosti 2022. Alilitafuta katika kamusi asilipate. Mahali pekee alipolikuta likiwa limewekwa rasmi pamoja na maneno mengine ni katika orodha ya maneno yaliyokatazwa. Kwa hiyo fasili ya kwanza ya neno hilo aliyokutana nayo kijana huyu ilikuwa ni kwamba mwenye kulitamka anaweza kushtakiwa.

Swali lake lilinisumbua kwa sababu mbili. Kwanza, jibu sahihi ni la, na ni rahisi kulieleza kwa sarufi ya mwaka wa kwanza. Pili, katika orodha hiyohiyo, mistari michache tu kutoka hapo, limo neno mende, ambalo kwa mtu wa Rwanda halihitaji kuelezwa na kamusi yoyote. Maneno haya mawili yaliwekwaje katika safu moja? Makala haya ni jaribio la kumjibu mwanafunzi huyo kwa urefu kuliko muda wa kipindi ulivyoruhusu.

Orodha na kile inachokiacha

Tume ya Kitaifa ya Uwiano na Utangamano iliundwa kwa sheria ya mwaka 2008, baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ambamo zaidi ya watu 1,000 waliuawa. Ni lazima jambo hili litajwe mwanzoni, maana ni rahisi kwa mhakiki aliyeketi maktabani kuikejeli tume iliyokuwa ikihesabu siku kabla ya kura. Waliotunga orodha hiyo, iliyojulikana kwa jina la Hatelex, walikuwa wakiogopa kitu kilichokwisha kutokea. Ndani yake waliweka maneno ya Kiswahili, ya Sheng, ya Kiingereza na ya lugha nyingine za Kenya: madoadoa, kwekwe, mende, chunga kura, watajua hawajui, hatupangwingwi, na mengineyo. Ilivyoufikia umma kupitia magazeti na simu, ilikuwa safu ya maneno. Kila neno lilisimama peke yake kama kidahizo kisichokuwa na mfano wa matumizi.

Tuanze na lile aliloliuliza mwanafunzi. Mzizi wa hatupangwingwi ni kitenzi panga. Kauli ya kutendwa ni pangwa. Ukanushi wake katika nafsi ya kwanza wingi ni hatupangwi, yaani hatukubali kupangiwa mambo na wengine. Silabi ya mwisho imerudiwa kwa mchezo wa sauti ambao Sheng huupenda, na umbo la nafsi ya kwanza umoja lilienea kwa wimbo wa vijana wa mwaka 2021 kabla ya wanasiasa kulinyakua. Msemaji wa neno hili anamkatalia mtu fulani mamlaka juu yake. Anayekataliwa ni mkubwa kuliko msemaji, au angalau anadhaniwa hivyo. Unaweza kuliona neno hili kuwa la kiburi au la utovu wa adabu; wazee wengi waliliona hivyo. Chuki ya kikabila, hata hivyo, haimo katika mofimu zake wala katika matumizi yake ya kawaida. Watajua hawajui nalo ni majigambo, ya aina ambayo mashabiki wa mpira hutupiana kila Jumamosi.

Madoadoa ni suala jingine kabisa. Kwa maana ya msingi ni alama ndogondogo za uchafu au za rangi juu ya kitu ambacho kingekuwa safi. Nguo ina madoadoa. Neno lenyewe halina ukali, na mtoto wa shule ya msingi atalitumia kuelezea chui au kanga wa porini. Hata hivyo, katika siasa za Bonde la Ufa neno hili limekuwa likiwataja majirani wa kabila jingine kama alama juu ya kitambaa ambacho msemaji anakiona kuwa chake. Mwezi Januari 2022 mwanasiasa mmoja alilitamka katika mkutano wa hadhara mjini Eldoret, akajikuta mikononi mwa polisi. Video fupi ya tukio hilo ilienea katika simu za nchi nzima, na mabishano yaliyofuata yalikuwa, kwa kiasi kikubwa, mabishano ya kisemantiki: je, alikusudia watu au alikusudia vyama vya siasa?

Nguvu ya madoadoa, kama ya kwekwe, inatokana na aina ya sitiari inayobeba kitenzi chake ndani kwa ndani. Doa hufutwa. Kwekwe hung'olewa. Mende hupondwa. Msemaji hahitaji kukitamka kitenzi. Hadhira inakijua tangu utotoni, kutokana na kazi za nyumbani na shambani. Anaposhtakiwa, msemaji anaweza kusema kwa kinywa kikavu kwamba hakumwambia mtu yeyote afanye lolote. Na kisarufi atakuwa amesema kweli.

Hata hivyo, kitenzi hicho hakiamki kila mara. Nchini Tanzania, katika miaka ya karibuni, neno chawa limepata maana mpya ya mtu anayeng'ang'ania kwa tajiri, msanii au kiongozi ili apate riziki kwa kumsifu. Wapo wanaolitumia kama kejeli. Wapo pia waliojiita chawa kwa fahari, wakalifanya jina la kundi lao la kisiasa na kulitangaza hadharani. Chawa naye ni mdudu, naye hupondwa, tena kwa kucha. Mbona hakuna anayetetemeka kulisikia? Kwa sababu sifa iliyochukuliwa kwa mdudu huyu ni kung'ang'ania, na kwa sababu wanaoitwa hivyo wapo barazani, wanacheka na kujibu. Orodha ingewaweka mende na chawa katika fungu moja la wadudu. Mzungumzaji wa lugha hawezi kuwaweka pamoja.

Yaliyosemwa Arusha

Sisi wa nchi jirani tuna sababu ya kulisoma neno mende kwa makini zaidi. Neno la Kinyarwanda inyenzi lina maana hiyohiyo ya msingi. Katika miaka ya 1960 lilitumika kwa wapiganaji wakimbizi waliokuwa wakishambulia usiku kutoka nje ya mipaka. Kufikia mwaka 1994 redio ya RTLM ilikuwa ikilitumia kwa Watutsi kwa jumla, pamoja na watoto ambao hawakuwa wamezaliwa wakati wa mashambulizi hayo, na watu ambao hawakuwahi kushika silaha.

Katika kesi ya Jean-Paul Akayesu, iliyotolewa hukumu tarehe 2 Septemba 1998, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda ilikabiliwa na tatizo ambalo kimsingi ni la kileksikografia. Majaji hawakujua Kinyarwanda. Walihitaji kuamua inyenzi, inkotanyi na ibyitso yalimaanisha nini. Mahakama ilimwita mtaalamu wa isimu, Mathias Ruzindana, na ikayachambua maneno hayo kwa kuzingatia mahali na wakati yalipotumika, nani aliyesema na nani aliyesikia. Maana ya kikamusi ya mdudu ilitajwa, kisha uchambuzi ukasonga mbele. Nalo neno inkotanyi, ambalo asili yake haina ubaya wowote, lilionekana kuwa katika baadhi ya matumizi ya wakati ule liliwalenga watu wasiokuwa askari.

Ninaitaja hukumu hii kwa sababu imo ndani ya ukanda wetu, ilitolewa katika mji unaozungumza Kiswahili, na bado wanaleksikografia wetu hawaitumii. Mahakama ilipohukumu kosa zito kuliko yote katika sheria ilikataa njia ya orodha. Inashangaza kwamba kwa makosa madogo zaidi, yanayofanywa kwa simu na kijana mwenye vifurushi vya intaneti vya siku moja, tumeridhika na njia ambayo Arusha iliiona haitoshi. Hata sheria ya Kenya yenyewe, katika kifungu cha 13 cha Sheria ya mwaka 2008, inataka nia ya kuchochea chuki ya kikabila ithibitike, au ionekane kwa kuangalia mazingira yote kwamba chuki hiyo yaelekea kuchochewa. Sheria inasema mazingira yote, ilhali orodha inasema neno.

Vitenzi vya ugomvi

Kama orodha haitoshi, tutumie nini? Napendekeza tuanze na msamiati ambao Kiswahili tayari kinao wa kuutaja ugomvi wenyewe. Msamiati huu ni mpana, na mitandao imeufifisha: siku hizi kila kitu huitwa ama mjadala ama matusi.

Chukua kitenzi bisha. Mtu hubisha hodi mlangoni, na mtu hubisha hoja ya mwenzake. Kwa mabaharia, kwenda bisho ni kupeleka chombo dhidi ya upepo wa mbele, kwa kukata huku na huku. Sina nia ya kudai kwamba maana hizi zote zina chimbuko moja. Hilo waachiwe wanaetimolojia. Nasema tu kwamba katika masikio ya mtu wa pwani kubisha si kuvunja. Chukua pia gomba. Kutokana nalo tuna ugomvi, na kutokana na kauli yake ya kutendea tuna mgombea, ambaye bila yeye hakuna uchaguzi. Teta ni kusema kwa kupinga au kusengenya. Ukiongeza kiambishi cha kutendea unapata tetea, kusema kwa ajili ya mwingine. Lumba lilimaanisha kusema kwa ufasaha mbele ya watu, na mlumbi alikuwa msemaji hodari aliyealikwa, kabla malumbano hayajashushwa na magazeti kuwa kelele za wanasiasa.

Tazama sasa kauli ya kutendana. Tunasema kubishana, kulumbana, kujibizana, kugombana, hata kutukanana. Kiambishi hicho kinadai watu wawili ambao kila mmoja ana kinywa. Kutukanana ni kubaya, lakini ni kubaya kwa watu wawili waliopo. Kitenzi chochea hakina tabia hiyo. Asili yake ni kusukuma kuni ndani ya moto ili uwake. Muundo wake kamili wa kimaana unahitaji washiriki watatu: anayechochea, anayechochewa, na yule ambaye anachochewa dhidi yake. Huyu wa tatu hayumo katika mazungumzo. Anasemwa, haambiwi.

Hapa ndipo ulipo msingi wa hoja yangu. Katika malumbano, hasimu ndiye msikilizaji. Katika uchochezi, hasimu ni mada, na msikilizaji ni watu wa upande wa msemaji. Hatupangwingwi huambiwa yule anayetaka kupanga. Madoadoa hawaambiwi madoadoa, huambiwa nguo. Sijawahi kukuta matumizi ya kisiasa ya neno hili katika nafsi ya pili.

Desturi zetu za maneno makali zinaonyesha jinsi jamii ya Waswahili ilivyoithamini nafasi ya hasimu kama msikilizaji. Mashairi yaliyopokezanwa kati ya Mombasa na Lamu mwanzoni mwa karne ya 19, ya Muyaka bin Haji upande mmoja na ya Zahidi Mngumi upande wa pili, yaliyokusanywa na Ann Biersteker na Ibrahim Noor Shariff mwaka 1995 chini ya jina la vita vya Kuduhu, yana dharau, vitisho na kebehi za kutosha kumjazia mwendesha mashtaka wa leo jalada zima. Lakini yalitumwa kwa hasimu. Yalitungwa yakitarajia jibu, na mtunzi wa jibu alilazimika kwanza kulielewa fumbo la mwenzake, tena mara nyingi kulifuata katika vina vyake. Ni kweli kwamba damu ilimwagika Shela hata hivyo. Sidai kwamba ushairi ulizuia vita. Nadai kwamba tunayo maneno ya pande zote mbili hadi leo kwa sababu kila upande uliyaona maneno ya mwenzake kuwa yanastahili kujibiwa.

Vijembe vya kanga vinafuata kanuni hiyo kwa upole zaidi. Mwanamke anayevaa kanga yenye maneno ya kumlenga jirani anahakikisha jirani huyo anaisoma. Akiulizwa atajibu kwamba kanga ni nguo tu. Mipasho ya taarabu ya miaka ya 1990, Muungano na TOT walipokuwa wakishindana Dar es Salaam, iliwaweka mahasimu katika mji mmoja, mara nyingine kwa mashabiki walewale, na wimbo wa wiki hii ulijibiwa wiki ijayo. Kukaa kimya kulihesabiwa kuwa kushindwa.

Kusuta na kuchamba

Kuna kitenzi kimoja ambacho nadhani kingestahili makala yake peke yake, nacho ni suta. Mtu aliyezushiwa jambo huchunguza neno lilitoka kwa nani. Akishampata, huenda mlangoni kwa mzushi, mara nyingi akiwa na kundi la wanawake wenzake, pengine na ngoma, akamtaka aseme mbele ya watu kile alichokisema pembeni. Anayesutwa hana pa kwenda. Ama athibitishe, ama anyamaze na aibu yake. Wapo wanaoiona desturi hii kuwa ya kishari, na mara nyingine ni ya kishari kweli. Hata hivyo, itazame kwa jicho la mtu anayehangaika na taarifa za uongo mtandaoni: ina upelelezi, ina mashahidi, ina haki ya kujibu, na adhabu yake inaisha jioni ileile.

Ili kusuta kuwezekane, Kiswahili kilihitaji kutofautisha aina za maneno yasiyo mazuri, na kilifanya hivyo. Uvumi hauna mwenyewe. Fununu ni uvumi ulioanza kunusika tu. Umbea una mwenyewe, na unaweza kuwa kweli tupu. Ubaya wake ni kuyatoa yaliyopaswa kubaki ndani. Uzushi una mwenyewe na hauwezi kuwa kweli, kwa kuwa umezuliwa. Upotoshaji unaweza kutumia ukweli mtupu, uliopangwa ili msikilizaji apotee njia. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015, katika kifungu chake cha 16, inaweka pamoja taarifa ya uongo, ya hila, ya kupotosha na isiyo sahihi. Isiyo sahihi! Mtu aliyekosea tarehe na mtu aliyezua kifo cha jirani wanaingia kwa mlango mmoja, na ni kipengele cha nia tu kinachowatenganisha huko mbele. Sheria hiyo ilitungwa kwa Kiingereza. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania, na hapo wafasiri wana fursa ambayo mtungaji wa awali hakuwa nayo: wanaweza kuuliza kama kila taarifa isiyo sahihi ni uzushi.

Mtandaoni kitenzi kilichochukua nafasi ya kusuta ni kuchamba. Maana yake ya zamani, ya kujisafisha baada ya haja, haijasahaulika, na ndiyo inayolipa neno ukali wake. Kumchamba mtu ni kumtolea maneno mengi ya aibu bila kupumua. Tofauti yake na kusuta ni kwamba mchambo hauhitaji kosa lolote lililothibitishwa, na mchambaji anaweza kuwa akaunti isiyo na uso. Hakuna mlango wa kwenda kubisha. Aliyechambwa akijibu anawaongezea wachambaji wasomaji. Asipojibu, anaonekana amekubali.

Ugumu wa kigezo

Kigezo nilichokipendekeza kina tatizo, na ni haki kulikabili. Katika mtandao hakuna anayeambiwa peke yake. Chapisho linaloanza kwa nafsi ya pili, likimtaja hasimu kwa jina, husomwa na wafuasi maelfu ambao hasimu hawajui. Picha ya skrini hulikata jibu na kuliacha shambulio, au hufanya kinyume chake. Je, si kweli basi kwamba kila kulumbana mtandaoni ni kuchochea kwa siri?

Ni kweli kwa sehemu. Lakini hata Muyaka alikuwa na watazamaji, na mashabiki wa Muungano hawakwenda ukumbini kusikiliza maridhiano. Kuwapo kwa hadhira hakukugeuza mashindano hayo kuwa uchochezi. Kilichotofautiana ni kazi waliyopewa watazamaji. Katika malumbano wao ni waamuzi: wanapima nani kajibu vizuri, na mlumbi anajua kwamba wanaweza kumgeuka. Katika uchochezi wao ni mikono. Hawaombwi kupima neno, wanaandaliwa kwa kazi. Ukitaka kujua hadhira imepewa kazi gani, soma majibu yaliyo chini ya chapisho. Kama wasomaji wanasema "kajibu" au "hapo umekosea," bado tumo katika kubishana. Kama wanauliza wako wapi, wanakaa mtaa gani, wako wangapi, tumetoka humo zamani, hata kama hakuna neno hata moja lililomo katika orodha.

Uganda inatupa mfano wa hatari ya kutolitazama hili. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011 kilifanya mawasiliano ya kuudhi kuwa kosa. Mwanazuoni Stella Nyanzi alishtakiwa chini ya sheria hiyo kwa shairi aliloliweka mtandaoni mwaka 2018 likimlenga Rais. Mwaka 2019 alitiwa hatiani kwa unyanyasaji wa kimtandao, na mwaka uliofuata Mahakama Kuu ikaitengua hukumu hiyo. Shairi lilikuwa na matusi. Asiyekubali hivyo hakulisoma. Lakini liliambiwa mwenye nguvu, kwa jina lake, na mtunzi akiwa amelitia jina lake mwenyewe. Tarehe 10 Januari 2023 Mahakama ya Katiba ya Uganda ilikibatilisha kifungu cha 25. Nikijaribu kukitafsiri kwa Kiswahili nakwama penyewe katika neno kuudhi. Jua kali linaudhi. Mwanafunzi anayechelewa anaudhi. Hakuna mzee wa baraza la pwani ambaye angekubali kuamua shauri ambalo dai lake lote ni kwamba mtu ameudhika, kabla hajauliza: alikuambia nini, wewe ulimjibu nini, na walikuwapo akina nani?

Neno moja lililobaki

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mgeni wa familia moja Mombasa, Mji wa Kale. Mzee wa nyumba alinipokea kwa kusema, "Karibu, mkuja." Nilijibu, "Nimeshakaribia, mwenyeji, na mkuja akija na njaa ni deni la mwenyeji." Alicheka, akaagiza mahamri yaongezwe. Mkuja, kwa matumizi ya pwani, ni aliyekuja kutoka bara. Wingi wake ni wakuja. Mimi nilikuwa mkuja kwa kila maana, nimetoka mbali kuliko hao wa bara ya Kenya.

Mwezi Agosti 1997, kivukoni tu kutoka hapo tulipokunywa chai, watu waliotoka bara waliuawa na kufukuzwa Likoni. Neno lililowataja lilikuwa na mofimu zilezile, labda kwa lafudhi ileile. Ningepewa kazi ya kuandika kitomeo cha mkuja kwa ajili ya kamusi ijayo, ningeanza na umbo na uwingi, kisha maana ya msingi, kama ilivyo kawaida. Baada ya hapo ningeandika sentensi mbili za mifano, moja katika nafsi ya pili na nyingine katika nafsi ya tatu, na kati yake nisiweke alama ya maana tofauti, kwa kuwa maana ni moja. Ningemwachia mwanafunzi wangu wa Kigali azisome zote mbili kwa sauti.